Na Wendy Je?

Mwezi huu naanza na ugomvi. Usishtuke, hakuna aliyerushiwa kikombe. Ni ugomvi wa filamu, tena filamu yenyewe si ya vita wala ya mizimu, ni ile unayoiweka Jumamosi usiku ukiwa umechoka na kazi za wiki nzima, ucheke kidogo, ukalale. Tuliiweka saa mbili usiku sebuleni kwangu, tukiwa watu sita. Saa sita tulikuwa bado tunabishana, chai imepoa, na mmoja wetu alikuwa ameshatoka kwenda kukaa barazani peke yake.

Filamu ni 13 Going on 30, ya mwongozaji Gary Winick, iliyotoka Marekani Aprili 2004. Ndani yuko Jennifer Garner, yuko Mark Ruffalo, yuko na yule Judy Greer ambaye miaka ile ilikuwa kama sheria lazima awe rafiki wa mtu kwenye filamu za mapenzi. Shemeji ndiye aliyekuja nayo kwenye flashi, na huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiponda. Wanaume!

Niseme ukweli, mimi nilikuwa na hamu nayo. Mara ya kwanza niliiona likizo ya Desemba 2005, niko kidato cha pili, kwenye zile DVD za kukodi ambazo diski moja ina filamu nane na jalada limejaa vichwa vidogo vidogo vya waigizaji mpaka huwatambui. Wakati ule nilikuwa karibu na Jenna wa miaka 13. Sasa nina miaka 36, nimempita hata Jenna wa miaka 30. Halafu kuna jingine: Jenna ni mhariri wa jarida. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyonipeleka kusomea mawasiliano chuo kikuu, ila sikani pia.

Kwa ambaye hajaiona nitampa kwa kifupi, na nitaisimulia mpaka mwisho kwa sababu ugomvi wetu uko mwishoni. Kama hutaki kujua, nenda kwanza kwenye kurasa za mapishi, utatukuta hapa hapa.

Jenna Rink anatimiza miaka 13 mwaka 1987, huko New Jersey. Anataka kitu kimoja tu, kukubaliwa na kundi la wasichana sita wa shuleni wanaojiona wao ndio wao. Jirani yake, Matt, ni mvulana mnene kidogo, mpiga picha, mpole, na anampenda. Siku ya kuzaliwa anamletea zawadi aliyoitengeneza kwa mikono yake, nyumba ya mwanasesere, na juu yake kanyunyiza vumbi linalometameta, eti ni la kutimiza matakwa. Wale wasichana wanakuja kwenye sherehe, wanamfanyia Jenna mchezo: wanamfunga macho, wanamweka kwenye chumba cha nguo, wanamwambia mvulana anayempenda anakuja, halafu wanaondoka zao na watu wote. Anayefungua mlango ni Matt. Jenna anamfukuza kwa matusi, anajifungia, analia, anaomba awe na miaka 30. Vumbi linamwagika. Anaamka mwaka 2004, yuko kwenye fleti Fifth Avenue, ana kila kitu, na mwanamume asiyemjua anatoka bafuni.

Kuanzia hapo ni vicheko. Anaogopa simu ikilia kwenye mkoba wake. Kwenye sherehe ya jarida lake, watu wanaanza kuondoka kwa kuchoshwa, anamwomba DJ aweke Thriller ya Michael Jackson, anamburuta Matt katikati ya ukumbi, na ukumbi mzima unacheza kama mizimu. Februari 2024, Ruffalo alipopewa nyota yake kwenye ile njia ya Hollywood, Jennifer Garner alisimulia kwamba bwana huyu aliichukia mno siku ya mazoezi ya ngoma ile mpaka akataka kujitoa kwenye filamu. Ukiitazama ukijua hivyo, aibu iliyoko usoni kwake si ya kuigiza.

Basi. Pale sebuleni, wa kwanza kufungua mdomo ni shemeji, mume wa shoga yangu. Kwake yeye filamu hii ni Big iliyovaa gauni. Na hayuko peke yake, wahakiki wengi wa Marekani walisema hivyo hivyo ilipotoka. Big ni ya 1988, ya mwongozaji Penny Marshall, Tom Hanks ni mtoto anayeomba kwenye mashine ya bahati awe mkubwa, kesho yake anaamka na ndevu. Ndiyo filamu iliyompa Hanks uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Shemeji akasema, "Supu ile ile, bakuli jingine, halafu bei juu."

Nilimkatalia, na bado namkatalia. Yule mtoto wa Big anapata mwili wa mtu mzima, basi. Mwaka ni ule ule, mama yake yuko nyumbani anamtafuta, hakuna mtu anayemdai. Jenna anaruka miaka 17. Anaingia kwenye maisha ambayo mtu mwingine ameshayaishi kwa jina lake, na kidogo kidogo anagundua huyo mtu alikuwa nani. Anakuta amekuwa na mume wa mwenzake wa kazini. Anakuta anaiba mawazo ya wenzake. Anakuta hakanyagi kwa wazazi wake. Anakuta siri za jarida lake, Poise, zinazovuja kila mwezi kwenda kwa washindani wao, Sparkle, anayezivujisha ni yeye mwenyewe. Na Matt, anapomtafuta mpaka kumpata, anamwambia hawajawa marafiki tangu ile sherehe ya 1987.

Jamani, hiyo si supu ile ile. Mtoto wa Big anauliza itakuwaje nikiwa mkubwa. Jenna anauliza nimemfanyia nani nini. Mimi kwenye miaka 15 sehemu hiyo ilinipita kabisa, nilikuwa naangalia nguo. Safari hii nilijikuta nimekaa mbele ya kochi.

Shoga yangu yeye hakubishana na mtu. Yeye ni wa kucheka na kulia, na alilia pale Jenna anapopanda treni kurudi nyumbani kwao, mvua na radi usiku, mwanamke mzima na kazi yake ya jijini anaingia katikati ya kitanda cha baba na mama. Akasema kama filamu ingeishia pale angeridhika. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa mdogo wangu. Ana miaka 21, yuko chuo mwaka wa pili, na watu wa umri wake wanaangalia filamu kama mawakili. "Dada," akasema, "huyu kichwani ana miaka 13. Anambusu mtu mzima. Mbona mnacheka?"

Kimya. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuliwaza. Tukarudi kwenye Big: mle, Susan, mwanamke mtu mzima, analala na yule mtoto mwenye mwili wa Tom Hanks, na filamu inalipita kwa utani. Ikilinganishwa na hiyo, 13 Going on 30 ilijichunga. Yule mchezaji wa magongo ya barafu anapoanza kumvulia Jenna nguo, Jenna anashtuka kama mtoto anavyopaswa kushtuka. Na Matt wanabusiana tu. Lakini pia kuna pale mgahawani anapomwendea kijana mdogo kwa sababu machoni kwake huyo ndiye wa rika lake, na sikumbuki kama mwaka 2005 nilipepesa hata kope. Mdogo wangu aliweka mikono usoni. Mume wangu akamwambia ni ndoto tu ile, hadithi ya vumbi. Akajibiwa, "Kaka, ndoto za nani?" Sina jibu zuri la kumpa. Naona filamu inamchukulia Jenna kama mtu mzima inapotaka mapenzi, na kama mtoto inapotaka tumsamehe. Anataka kula huku na huku.

Kidogo kuhusu kazi, maana siwezi kuacha. Poise inazama, Jenna anapendekeza waachane na warembo wasio na tundu la ngozi, waweke picha za watu wa kweli, marafiki, kina dada, kama kwenye kile kitabu cha picha cha mwisho wa mwaka shuleni. Matt anapiga picha, wakubwa wanatokwa machozi. Wenzangu ofisini, mnaojua tunavyohangaika siku tano kabla ya kwenda mitamboni, mtacheka mpaka mshike mbavu. Jarida zima kubadilishwa na mtu mwenye akili ya miaka 13! Ila pendekezo lenyewe lilinichoma. Nilikwenda nikapanga majalada yetu ya mwaka mzima sakafuni. Hayo nitayaongea kwenye kikao, si hapa.

Sasa tufike kwenye kilichovuruga usiku.

Matt ana mchumba. Anaitwa Wendy, kaigizwa na Lynn Collins, na filamu inamwonyesha kwa dakika chache sana. Si mchawi, si mkorofi, hajamkosea mtu. Ana kosa moja, kusimama mahali ambapo shujaa wetu anataka kupita. Jenna na Matt wanapata usiku wao mzuri jijini, wanabusiana, na siku zinaenda mpaka asubuhi ya harusi. Jenna, ameshasalitiwa na rafiki yake Lucy aliyeiba ile kazi na kuipeleka Sparkle, anakimbilia nyumbani kwa kina Matt. Matt yuko ndani ya suti. Anamwambia kwamba amempenda siku zote. Halafu anamwambia kwamba muda haurudi, ameshatoa ahadi, na anampa ile nyumba ya mwanasesere aliyoitunza miaka yote. Jenna anakaa nje, anaikumbatia, analia, na vumbi kidogo lililobaki linapeperuka. Tunarudi 1987, kwenye chumba cha nguo. Safari hii Matt akifungua mlango, anabusiwa. Kisha tunaruka tena, harusi ya Jenna na Matt, nyumba ya rangi ya waridi, mwisho, watu wanapiga makofi.

Sisi hatukupiga makofi, kwa sababu kabla ya vumbi kupeperuka wifi yangu alisema, kwa sauti ya chini tu, "Na Wendy je?"

Mume wangu, ambaye ni kaka yake, akamjibu haraka haraka kwamba Matt amemkataa Jenna, si unaona, mwanamume kaheshimu neno lake, Wendy kashinda.

"Kashinda nini, kaka?" wifi akasema. "Dakika kumi kabla ya harusi mumewe anamwambia mwanamke mwingine kwamba amempenda siku zote. Huko ndiko kushinda?"

Shemeji akaingia na lake, kwamba kwa hesabu za filamu Wendy hajaachwa, maana muda umerudi nyuma, hawakukutana kabisa, huwezi kumwacha mtu ambaye hujakutana naye. Alisema kwa nia njema. Ni mtu wa hesabu, kazini kwake wanampenda kwa hilo. Wifi akasimama, akachukua simu yake, akatoka nje.

Na hapa inabidi niwaambie kitu, na wifi kanipa ruhusa kwa masharti mawili: nisitaje jina, na nisimfanye wa kuhurumiwa.

Miaka minne iliyopita wifi yangu alikuwa na mchumba. Sendofu ilishafanyika. Kadi zilishagawiwa. Zilibaki wiki tatu. Mwanamume akapiga simu, akaomba waonane, akamweleza kwamba kuna msichana waliyesoma naye sekondari, wamekutana tena kwenye lile kundi la WhatsApp la waliomaliza pamoja, na kwamba hakupanga. Ndivyo alivyosema, hakupanga. Kamati ikahesabu michango, waliorudishiwa wakarudishiwa, wengine wakasema basi iwe sadaka, ukumbi hawakurudisha hata shilingi. Haya yote tuliyaona familia nzima. Nilichokuwa sikijui ni kile alichoniambia pale barazani.

"Unajua kinachonikera, wifi? Ile sare."

Shangazi zake walikuwa wameshashona kitenge cha sare. Kitenge kizuri, cha bei, kijani na dhahabu, na shangazi si watu wa kutupa kitu. Kwa hiyo wanakivaa. Wanakivaa kanisani, wanakivaa kwenye sendofu za watoto wa watu, mwaka jana wamekivaa msibani. Kila anapokwenda kwenye shughuli ya ukoo anakutana na harusi yake imekaa meza ya mbele inakula pilau.

Akacheka, nami nikacheka, halafu hatukucheka tena. Akasema yule bwana na yule mwanamke wake wameoana, wana mtoto, na watu wanaowajua wanasimulia habari yao kama hadithi tamu: walipendana wakiwa wadogo, dunia ikawatenganisha, ikawakutanisha. "Ni nzuri kweli," akasema. "Hata mimi ningeisikia kwa mtu ningesema ni nzuri. Mimi kwenye hadithi hiyo niko dakika ngapi?"

Kisha akaniambia kilichomtoa mle ndani. Si Matt, wala si yale maneno ya shemeji. Ni kwamba filamu hii aliipenda sana usichana wake, aliijua kwa moyo, na siku zote aliitazama akiwa Jenna. Haikumpitia hata siku moja kwamba kuna mtu anaitazama akiwa Wendy.

Tulikaa. Mbu walitula vizuri.

Ndipo nikakumbuka lile la shoga yangu, kwamba yeye angeridhika filamu ikiishia kwa wazazi. Pale nyumbani Jenna anamuuliza mama yake kama kuna kitu angebadilisha maishani mwake, na mama anajibu kwamba hajutii makosa yake, maana bila kuyafanya asingejifunza namna ya kurekebisha mambo. Hiyo ndiyo filamu niliyokuwa nataka kuiona. Jenna wa miaka 30 akiamka Jumatatu, anakwenda kwa yule mwenzake wa kazini aliyemchukulia mume, anamtazama usoni, anasema. Anarudisha alichoiba. Anamwacha Matt na mkewe. Anampigia mama yake kila Jumapili. Ingekuwa filamu ngumu, huenda isingeingiza zaidi ya dola milioni 90 duniani kama ilivyoingiza hii, na mimi nisingeikodi nikiwa kidato cha pili. Lakini waandishi, Josh Goldsmith na Cathy Yuspa, ambao mwaka 2000 walitupa What Women Want ya Mel Gibson anayesikia mawazo ya wanawake, walimwekea mama maneno yale mdomoni, halafu nusu saa baadaye wakamwaga vumbi na kila kosa likafutika bila mtu kurekebisha hata moja. Nadhani ndiyo maana sita wetu tulitoka na filamu sita tofauti. Anayecheka anacheka kwa haki yake, kwa sababu filamu inachekesha kweli, Garner anaigiza mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima bila hata chembe ya unafiki. Anayekasirika naye ana sababu.

Mdogo wangu alituletea chai barazani, akakaa na sisi. Wifi alirudi ndani, akamwambia shemeji asimtazame kama mgonjwa, akala keki.

Wageni wakaondoka. Mimi nafuta meza, mume wangu anaosha vyombo, ana mtindo wa kuosha huku kanipa mgongo anapokuwa na neno. Akaniuliza, "Hivi wewe ukipewa lile vumbi, ungerudi?"

Wenye ndoa mnajua. Hilo ni swali lenye jibu moja, na jibu lina sekunde mbili. Mimi nilikaa kimya. Sijui kwa muda gani, maji ya bomba yalikuwa yanamwagika. Nilipokuja kusema "hapana bwana, nirudi wapi," yeye alishafunga bomba. Akasema, "Sawa." Akapanga sahani. Akaenda kulala.

Siku mbili nyumba ilikuwa na adabu. Wale wanaosema ugomvi mbaya ni wa kelele hawajawahi kuishi kwenye nyumba yenye adabu. "Habari za kazi." "Nzuri." "Chumvi tafadhali." Jumatatu usiku nikashindwa.

Nikamwambia ukweli kwamba pale nilipokaa kimya sikuwa nahesabu wanaume. Maana nilijua ndicho alichodhani, na alikiri. Nilikuwa namuwaza msichana. Kidato cha kwanza nilikaa naye dawati moja, mimi ndiyo kwanza naingia bweni, nalia kila usiku, yeye alikuwa akinigawia karanga za kwao na kunisahihishia insha. Ndiyo, msomaji, mhariri wako alikuwa anasahihishiwa insha. Kidato cha pili nikakubaliwa kwenye kundi la wasichana fulani, kila shule walikuwepo, wenye sketi za kukata na mafuta ya nywele ya dukani. Hao hawakumtaka. Siku moja walimwita jina baya mbele ya bwalo zima kuhusu viatu vyake, wakanigeukia, nami nikacheka. Sikulazimishwa. Muhula uliofuata akahama dawati, na mpaka tunamaliza kidato cha nne hatukuongea tena. Likizo ya Desemba mwaka ule ule ndiyo niliyokodi ile DVD. Niliangalia Jenna akimfukuza Matt kwa ajili ya wasichana sita wasiompenda, nikala bisi, wala sikujiona.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo ungerudi bwaloni."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Nisicheke."

Akafikiri. Yeye ni mtu anayefuata mambo mpaka mwisho wake, hata ya vumbi. Akasema kama nisingecheka nisingebaki kwenye lile kundi, na bila wale wasichana nisingekwenda kuishi nao nyumba moja mwaka wa kwanza chuo, na kwenye nyumba ile ndipo yeye alipokuja kurekebisha kompyuta. "Mimi ndiye Wendy hapo," akasema, akicheka, lakini si sana.

Sikuwa nimeifikiria hivyo. Nilimwambia angekuja kurekebisha kompyuta kwingine. Akasema labda.

Wifi ameyasoma haya kabla yako, kama tulivyokubaliana. Hakufuta kitu, kaniongezea tu kwamba niandike alimwomba shemeji ile flashi, akaimalizia mwenyewe nyumbani, na kwamba ngoma ya Thriller bado anaijua yote. Mdogo wangu naye anataka mjue hajabadilisha msimamo.

Kuhusu yule wa dawati moja, nilimuuliza mtu aliyemuuliza mtu. Yuko Dodoma, ana duka la vifaa vya shule. Namba nimeipata tangu Jumanne. Jarida linakwenda mitamboni leo jioni, na bado sijapiga.